Lifti Iliyoshushwa na Majirani

Ijumaa nilirudisha funguo na mkanda wa usalama. Jumatatu yake niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa buti, nikafunga kamba mpaka juu, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mke wangu akasema, "Kwa kuwa umeshavaa, toa taka." Nilipomaliza kutoa taka nikakaa mezani kuandika haya, ninyi watatu mnaosoma Kiswahili pale karakana yetu ya lifti mpate kuyasoma, na wenzenu muwasimulie wakati wa chai.

Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyeo nilipewa viwili na vyote vilinipunguzia muda wa kushika spana. Mshahara mnaujua, na mnaulalamikia vizuri kuliko mimi.

Mnajua nilitoka Tabora, karakana ya reli, fundi wa breki za mabehewa. Nilipofika Toronto hakuna aliyehitaji breki za mabehewa, kwa hiyo nilisafisha ofisi kule Don Mills miaka kadhaa. Kila nilipopanda lifti na ndoo yangu nilikuwa nikitazama dari, nikijiuliza kitu gani kinatushikilia huko juu. Wenzangu walitazama namba za ghorofa. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nikapata kazi ya msaidizi wa fundi wa lifti, nikiwa na miaka zaidi ya hamsini. Msaidizi mwenye mvi kuliko fundi! Hata leo sijui aliyeniajiri alikuwa amelewa nini.

Fundi mwenyewe alikuwa Anselmo, Mreno wa visiwani, mtu mfupi mwenye masharubu, aliyechemsha kahawa ndani ya chumba cha mashine kinyume cha kanuni zote zilizobandikwa ukutani. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye jengo moja la kupangisha pale Parkdale, ghorofa kumi na nane, lifti mbili, wapangaji kutoka kila pembe ya dunia. Chumba cha mashine kilikuwa juu kabisa, juu ya paa. Kabla hajaniambia jina lake alisema, "Usiguse kitu. Sikiliza kwanza." Nikasikiliza. Ukuta mzima ulikuwa na swichi ndogondogo za umeme, zile rilei, zikigongana kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Kila mlio ulikuwa ni mtu amebonyeza kitufe mahali fulani kule chini. Anselmo alifumba macho akasema, "Huyu anashuka kutoka ghorofa ya saba. Huyu mwingine hana subira, amebonyeza mara nne."

Siku hiyo hiyo alinionyesha breki ya mwisho. Ninyi mmeisoma darasani. Mimi niliiona kabla ya kuisoma, na nashukuru ilikuwa hivyo. Alitia kidole kwenye kigurudumu kidogo kinachopima mwendo, akakisukuma kana kwamba lifti imeanza kuporomoka. Chini kule, behewa lilisimama papo hapo. (Mimi naliita behewa mpaka leo. Mtu wa reli habadiliki mpaka afe.) Tukashuka kutazama. Taya mbili za chuma chini ya behewa zilikuwa zimeuma reli zinazoliongoza shimoni, na alama za meno zilikuwa zinang'aa pale zilipouma. Hapakuwa na umeme ndani yake wala akili yoyote ya kisasa. Ni chuma, chemchemi na mwendo, ubunifu wa watu waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita, na bado unasubiri kila siku gizani siku ambayo utahitajika. Mama mmoja akapita na mtoto kwenye kigari, akatuuliza kwa hasira lifti itafanya kazi saa ngapi.

Nataka mlifikirie hili vizuri, maana ninyi mmezaliwa likiwa jambo la kawaida. Kabla ya taya hizo, ghorofa za juu zilikuwa za watumishi na maskini, kwa sababu miguu ndiyo iliyopanda ngazi na mwenye fedha hakutaka kuchoka. Taya hizo zilipokuja, matajiri wakahamia juu wakafungua madirisha. Miji ikaota kwenda mbinguni. Watu kama sisi tukapata mahali pa kulala angani kule Parkdale, kwa sababu kuna mtu alikaa chini akafikiri namna ya kuifanya kamba isiue. Mimi nilishangaa siku ile, na nimestaafu nikiwa bado nashangaa.

Miaka ile nilijifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Nilijifunza kusugua rilei kwa tupa nyembamba bila kuila. Nilijifunza kwamba shimoni chini ya lifti utakuta funguo, pete, viatu vya watoto, na mara moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe aliyapokea, akayasuguasugua kwenye shati na kuyavaa mbele yetu. Nilijifunza pia habari ya jiwe, na hii mniwie radhi nieleze kwa ajili ya wale mtakaowasimulia. Behewa halivutwi likiwa peke yake. Upande wa pili wa kamba linaning'inia rundo la vyuma. Vitabu vina jina lake, mimi nimeliita jiwe, kwa maana ya jiwe la mizani sokoni. Behewa likipanda, jiwe linashuka. Na jiwe hilo ni zito kuliko behewa tupu. Limepimwa liwe sawa na behewa lenye nusu ya abiria wake. Ndiyo maana mota ndogo inaweza kupandisha watu kumi na wawili bila kuhema.

Sasa nije kwenye lile jengo la Parkdale, maana ndilo ninalotaka kuwaachia.

Katikati ya muongo, simu zilianza kuja kwamba lifti ya kushoto inagoma. Inagoma Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, ghorofa ya kumi na moja, kisha saa mbili kasorobo inapona yenyewe. Anselmo alibadilisha rilei tatu. Mimi nilisugua milango. Tulikagua waya mmoja mmoja. Hakuna kitu. Anselmo, ambaye haamini mashetani, alianza kuitazama ile lifti kwa jicho baya. Mwishowe nikamwambia, "Jumanne nitakwenda kukaa pale ghorofani na chai yangu."

Nikakaa. Saa moja na nusu mlango wa nyumba moja ulifunguliwa akatoka binti akisukuma kiti cha magurudumu, na kwenye kiti mama mmoja mwembamba, kilemba cha kitenge, mkoba mapajani. Nyuma yao ikafunguka milango mingine minne. Wakatoka akina mama, akina baba waliotoka zamu ya kiwandani, mzee mmoja aliyeshika Biblia. Wote wakaingia kwenye lifti. Nilihesabu kumi na sita katika behewa la watu kumi na wawili. Swichi ya uzito ikafanya kazi yake, lifti ikakataa kuondoka, wakasimama humo humo wakiomba, wakaimba ubeti mmoja, kisha wanne wakakata tamaa wakatoka na lifti ikaenda. Ndiyo ile hitilafu yetu ya rilei tatu.

Waliporudi nilijitambulisha. Walikuwa watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura, na yule mama aliitwa Mama Yvette, kwa jina la binti yake. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali lilimchukua kwenda kusafishwa damu. Yule mzee wa Biblia, Shemasi Bahati, ndiye aliyenijibu nilipowauliza kwa nini wanaingia wote.

"Papa Idrisa, mugonjwa hawezi kwenda yeye peke yake. Kwetu mugonjwa anasindikizwa."

"Msindikizeni mpaka mlangoni pa lifti, Shemasi. Wanne tu waingie. Mkijazana mnamchelewesha, na gari la hospitali halingojei."

Walinuna, lakini walinitii. Mama Yvette mwenyewe ndiye aliyenicheka Alhamisi yake, akingoja lifti. "Fundi, mie niko na mashini mbili mu maisha yangu," alisema. "Hii inanishushaka, ile ya ospitali inatoshaka damu yote, inaifula, inanirudishia. Hii ikikatala, ile haina kazi." Kisha akanieleza ile mashine kama mtu anayeeleza jirani yake mpya: mirija yake, mlio wake, jinsi anavyoiona damu yake mwenyewe inapita nje ya mwili na kurudi safi. Alisema mara ya kwanza alidhani ni uchawi, mara ya pili akaanza kuiombea. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikasahau nilikuwa nataka kufungua nini.

Miaka miwili baadaye wenye jengo waliamua kuweka kompyuta mahali pa rilei. Tulianza na lifti ya kulia. Tukaivua yote, ikabaki shimo na kamba. Ya kushoto ikawa ndiyo pekee ya ghorofa zote kumi na nane, na kila asubuhi niliisikiliza kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua.

Ilikuwa Februari. Jumamosi theluji ilianguka mpaka magari yakapotea, gari la hospitali halikuja. Jumatatu usiku bomba liligandishwa na baridi likapasuka, na maji yakaingia kwenye chumba cha umeme chini ya jengo. Jumanne asubuhi, mimi na Anselmo tulipofika kazini, watu wa umeme walikuwa wameshazima kila kitu. Walisema jengo halitapata umeme mpaka kesho yake.

Yvette alipanda ngazi za ghorofa saba na za paa kutoka kwao mpaka chumba cha mashine. Binti huyu kwa kawaida nikimsalimia kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alichanganya vyote. "She has to go today, Papa Idrisa. Lazima aende leo leo. Miguu imevimba, hawezi kulala chini, anashindwa kupumua."

Nikahesabu. Mara ya mwisho damu yake ilisafishwa Alhamisi. Siku tano. Yvette alikuwa ameshapiga simu ya dharura. Walisema watakuja, lakini mji mzima ulikuwa na ajali za theluji na ilibidi wangoje. Nikauliza kuhusu kumbeba ngazini. Vijana wa kanisani walikuwa wameshajaribu. Mwezi uliopita Mama Yvette alivunjika mguu, na plasta ilikuwa imefika mpaka kiunoni. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi mguu ule haukupita, akapiga yowe, wakamrudisha. Gari la hospitali lilikuwa limeshafika chini, na dereva amesema atangoja nusu saa.

Anselmo alinitazama. Mnaijua kanuni: lifti ikikwama na watu ndani, tunaruhusiwa kufungua breki ya mota kwa mkono na kuwasogeza mpaka mlango wa karibu. Kanuni haisemi mtu apakiwe makusudi kwenye lifti isiyo na umeme na kushushwa ghorofa kumi. Kusema kweli inasema kinyume chake. Siwashauri mfanye tulilofanya. Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, ilikuwa ya haki, na tuliisaini wote wawili. Lakini taya zilikuwa zimekaguliwa mwezi ule, kamba nilizijua kama vidole vyangu, na kwa saa alizobakiwa nazo yule mama hatukuwa na njia nyingine.

Behewa lilikuwa limekwama tupu ghorofa ya nne. Anselmo alishika wenzo wa breki, mimi nikashika gurudumu la mkono lililo kwenye mota. Akafungua kidogo. Behewa likaanza kupanda lenyewe, bila umeme, kwa sababu jiwe lilikuwa zito kuliko lenyewe. Yvette aliruka nyuma. Tukaliachia kidogokidogo, tukitazama alama za rangi nyeupe tulizopaka kwenye kamba, kila ghorofa na alama yake, mpaka kumi na moja. Breki. Kimya.

"Sasa literemshe," Yvette akasema.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kama tungewaingiza Mama Yvette na binti yake peke yao na kufungua breki, lifti ingewapeleka juu. Behewa halishuki mpaka liwe zito kuliko jiwe. Nilishuka ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja na redio yangu mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa majirani kwenye mwanga hafifu wa taa za dharura, wamesimama mbali na mlango wa lifti, kwa adabu, kama nilivyowafundisha mwenyewe kwa miaka miwili.

"Nataka watu tisa," nikasema. "Wanene."

Walidhani nimerukwa na akili. Nikawaeleza habari ya jiwe kwa maneno mawili. Mama Zawadi, yule mpishi wa sherehe zote za Parkdale, ambaye kwa mwili wake walimtania kila Jumapili, akajitokeza mbele na kupiga kifua. "Leo njo munajua kazi ya mwili huu!" Watu wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Niliwachagua kwa macho, mmoja baada ya mwingine, wauguzi wasaidizi, watu wa kiwanda cha mikate, hata mlinzi mmoja aliyekuwa bado na sare. Shemasi Bahati alikuja mbele, mwembamba kama mwiko. Nikamwambia, "Shemasi, wewe utuombee hapa hapa." Alikubali, lakini naamini hajanisamehe mpaka leo.

Niliwaambia ukweli pia. Niliwaambia breki itashikwa na mikono ya watu wawili, kwamba sijawahi kufanya hivi na abiria, na kwamba anayetaka kutoka atoke sasa. Mlinzi, niliyemkabidhi redio na kumwonyesha namna ya kufungua mlango kwa mkono, alivua kofia akaiweka mapajani mwa Mama Yvette. Hakutoka mtu.

Nilipanda ngazi zile zote mbiombio, kifua kinaniuma. Anselmo akafungua breki unywele mmoja. Gurudumu likawa jepesi mikononi mwangu, likasita, kisha likaanza kuzunguka upande wa kushuka. Nilihisi uzito wao kwenye viganja. Si maneno ya kupamba: kila mtu aliyekuwa mle ndani nilikuwa namshika. Nikasikia wimbo unapanda kupitia shimo, taratibu, unazidi kuwa mbali, na upande wa pili jiwe likipanda kutujia gizani. Kumi. Tisa. Anselmo anafunga, anafungua. Kwenye sita nilinusa breki ikipata moto, tukangoja ipoe, nikaona dakika zote za dereva zinapita. Tano. Tatu. Sakafu ya chini.

Redioni mlinzi akasema, "Ametoka. Gari lipo." Nililia, na sioni haya kuwaambia. Anselmo alitafuta kahawa yake, akakumbuka hakuna umeme wa kuichemshia.

Wale tisa walirudi juu kwa ngazi. Mama Zawadi alipumzika kwenye kila ghorofa, na kwenye kila ghorofa alisimulia upya.

Saa tisa alasiri gari lilimrudisha. Mlinzi alinipigia redioni kutoka chini: mama anapumua vizuri, amechoka sana, anataka kitanda chake, na wale wasindikizaji wote wamekusanyika ukumbini, wameshavua makoti, wako tayari kuingia. Nikasema hapana. Nikasema waingie Mama Yvette na binti yake peke yao, na mama apewe redio. Nikasikia manung'uniko ya watu ambao zawadi yao imekataliwa.

Milango ikafungwa. Anselmo akafungua breki. Na lile jiwe, lililokuwa limening'inia juu tangu asubuhi, likaanza kushuka, na behewa likaanza kupanda. Sikuzungusha chochote. Viganja vyangu vilikuwa vimegusa tu gurudumu linalokwenda lenyewe. Hapo ndipo niliposhikwa na mshangao ambao sijawahi kuumaliza. Jiwe lile halikuwa na nguvu ya kwake. Lilikuwa chini, likapandishwa asubuhi na uzito wa watu tisa walioshuka, na likakaa nao juu kule mchana kutwa likimngoja.

Redio ikakwaruza. Sauti ya Mama Yvette ilikuwa nyembamba.

"Fundi, umeme umerudia?"

"Bado, mama."

"Sasa nani anatuvuta?"

"Wale wa asubuhi, mama. Ni uzito wao."

Alama nyeupe ya ghorofa ya tano ikapita mbele yangu, ya sita ikapita. Kisha nikamsikia, polepole, akianza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, kama mtu anayeshukuru mezani: Zawadi, Mukamba, Mama Deo, yule mlinzi, wote tisa. Alipomaliza jina la mwisho alama ya kumi na moja ilikuwa imefika, na Anselmo akafunga breki.